Vazi la Shujaa na Vazi la Ubatizo

Wazazi wengi siku hizi, mjini Bukoba na hata vijijini Muleba ambako mtandao umefika, wana swali moja. Kijana anakaa na simu saa nzima akimchagulia mtu wa mchezoni ngozi, misuli, barakoa na vazi la shujaa. Kisha anaingia kucheza na watu wa nchi nyingine, kwa jina ambalo hakupewa na baba wala mama. Je, hilo ni jambo jema, ni baya, au halina uzito wowote?

Majibu mawili hutolewa upesi. La kwanza ni hili: "Huo ni mchezo tu, mwacheni." La pili: "Huo ni uongo. Mungu amempa sura yake, anatafuta nyingine ya nini?" Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini kila moja linafunga mlango kabla hatujaingia ndani. Tuingie kwanza tuone kilichomo.

Michezo ya mashujaa ni mingi. Mmoja uliosifika sana kwa upande wa mavazi ni City of Heroes, uliofunguliwa Marekani mwaka 2004. Ulichezwa kwenye kompyuta, na vijana wetu wengi hawakuwahi kuuona. Lakini unatufaa kwa somo hili kwa sababu waliouunda waliliweka vazi mbele ya kila kitu. Kabla mchezaji hajapambana na mwovu hata mmoja, alichagua kimo cha shujaa wake, upana wa mabega, rangi ya ngozi, uso, kofia, glavu, viatu, nembo ya kifuani na rangi ya kila kipande. Aliweza pia kumwandikia historia yake. Wapo waliomaliza jioni nzima hapo, bila kucheza. Baadaye, mchezaji akichoka na vazi lake, alikwenda kwa fundi wa nguo ndani ya mchezo uleule akalibadilisha.

Kulikuwa na jambo jingine la kushangaza. Katika michezo mingi ya aina hii, anayevaa deraya nzito hupata ulinzi zaidi. Katika City of Heroes, vazi halikuongeza nguvu. Uwezo ulichaguliwa mahali pake na vazi mahali pake. Aliyevaa matambara aliweza kuruka angani na kupigana sawa na aliyejipamba kwa dhahabu. Hapo msomaji wa Biblia anamkumbuka Daudi katika 1 Samweli 17. Mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita, Daudi akajaribu kutembea nayo, akayavua kwa kuwa hakuyazoea. Alishuka bondeni na fimbo, kombeo na mawe. Ushindi haukutoka kwenye nguo.

Kama vazi haliongezi nguvu, mbona watu walihangaika nalo kiasi hicho? Kwa sababu vazi linasema. Linasema mimi ni nani, au ningependa nionekane kuwa nani. Ndiyo maana hatuwezi kulipuuza na kusema ni mchezo tu.

Je, ni uongo? Tulitazame neno mnafiki. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, neno hilo lilitumika pia kwa mwigizaji wa jukwaani, yule aliyevaa kinyago na kusema maneno ya mtu mwingine. Yesu aliwakemea wale walioifanya sala, sadaka na mfungo kuwa jukwaa, ilhali watazamaji hawakujua kwamba wanatazama maigizo. Tofauti iko hapo. Anayekwenda kuangalia maigizo anajua kwamba mfalme aliye mbele yake si mfalme. Hakuna aliyedanganywa.

Yakobo, katika Mwanzo 27, alifanya jambo jingine. Alivaa nguo za ndugu yake Esau, akafunikwa mikono na shingo kwa ngozi za wana-mbuzi, akaingia kwa baba ambaye macho yake hayakuona. Isaka hakujua kwamba ni vazi. Na kwa vazi hilo Yakobo alichukua baraka iliyokusudiwa mwingine. Kwa hiyo tunapata maswali mawili ya kupimia: Je, aliye mbele yangu anajua kuwa nimevaa sura ya kuigiza? Na je, ninaitumia sura hiyo kumnyang'anya kitu?

Kwa kipimo hicho, kijana anayecheza shujaa wa chuma kati ya wachezaji wanaojua kwamba hakuna mtu wa chuma hajasema uongo. Lakini mtu mzima anayejivika sura ya mtoto mchezoni ili apate urafiki wa watoto, huyo ni Yakobo mbele ya kipofu, na wazazi wana haki ya kuogopa. Na kipimo hicho hakiishii kwenye simu. Suti ya Jumapili iliyopigwa pasi, inayovaliwa na mtu aliyekula mchango wa msiba wa jirani, ni vazi ambalo waliokaa naye kwenye benchi hawajui kuwa ni la maigizo. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tukitaka kuhukumu mavazi, tuanzie ibadani kabla ya kwenda kwenye michezo.

Sasa tulisikilize lile jibu la pili, kwamba Mungu ametupa sura na haifai kutafuta nyingine. Ni kweli kwamba mwili ni zawadi. Lakini tuwe waangalifu tunapolisema neno hilo hapa kwetu. Mwaka 2024, katika wilaya ya Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao na kuuawa. Mchezoni, rangi ya ngozi ni kitufe cha kubonyeza. Hapa kwetu, ngozi aliyozaliwa nayo mtoto ilimgharimu uhai. Kijana mwenye ualbino akitaka saa moja tu ya kutembea katika mji wa kuwaziwa ambako hakuna anayeikodolea macho ngozi yake, nani kati yetu ana ujasiri wa kumwambia kwamba anamkataa Muumba? Waliomkataa Muumba ni wale walioitazama kazi yake wakaona bei. Na sisi wengine tunadaiwa. Hatuwezi kumhubiria mtu aipende sura aliyopewa huku tukimwachia kijiji ambacho sura hiyo haina usalama.

Basi, kama kuvaa sura nyingine mchezoni si lazima iwe uongo wala kumkufuru Mungu, tofauti kati ya vazi la shujaa na vazi la imani ni nini?

Wengine watasema ni matendo: shujaa wa mchezoni anavaa kabla hajatenda lolote, kwa hiyo vazi lake ni tupu. Lakini tukisema hivyo tunajihukumu wenyewe. Mtoto mchanga tunayemleta kwenye ubatizo amevaa nguo nyeupe naye hajatenda lolote. Mwana mpotevu katika Luka 15 alivikwa vazi lililo bora akiwa bado ananuka banda la nguruwe, kabla hajafanya kazi hata siku moja shambani kwa baba yake. Injili nzima imesimama juu ya vazi linalotangulia tendo. Hiyo ndiyo neema.

Tofauti iko kwa anayevika. Katika Mwanzo 3, Adamu na Hawa walishona majani ya mtini, wakajifanyia nguo wenyewe. Kusudi lilikuwa kujificha. Mwisho wa sura hiyohiyo, Mungu mwenyewe anawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika, ingawa amekwisha kuwahukumu. Vazi la kwanza walijitengenezea kwa hofu. La pili walipewa na yule waliyemkosea.

Mababu zetu wa Buhaya walilijua jambo hili kwa namna yao. Lubugo lilitoka kwenye gome la mti ambao nao ni wa jamii ya mtini. Gome lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka likalainika na kutanuka, na shina likafungwa majani ya mgomba ili liote gome jipya. Aliyevaa lubugo alivaa jasho la mtu mwingine. Nguo ilimkumbusha kwamba ana watu.

Na vazi la kupewa huwa na dai. Mwana wa Buhaya, Laurean Rugambwa, aliyekuwa Askofu wa Rutabo, alifanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa daraja hilo. Alivikwa nyekundu, na maana ya nyekundu hiyo ni kuwa tayari kumwaga damu kwa ajili ya imani. Hakuichagua kwa sababu inapendeza. Vivyo hivyo Paulo, katika Wagalatia 3, anapowaambia waliobatizwa kwamba wamemvaa Kristo, hawaachi hapo. Katika Wakolosai 3 anawataka wavae rehema, utu wema, unyenyekevu na uvumilivu. Tumevikwa bure, na tumevikwa kwa kazi.

Inapendeza kwamba hata waliounda City of Heroes waligusa ukweli huu. Katika miaka ya mwanzo palikuwa na kitu kimoja ambacho mchezaji hakukipata siku ya kwanza: joho la mgongoni. Katika hadithi ya mchezo, mashujaa wengi walikufa katika vita ya kuulinda ulimwengu, na kwa kuwaheshimu, mgeni hakuvaa joho mpaka afike daraja la 20 na kutimiza kazi maalumu. Katika ghala lote lile la nguo za kuchagua, walihitaji angalau moja ambayo mtu anapewa, na inayomkumbusha waliokufa kabla yake.

Michezo ya simu inayowafikia vijana wetu imekwenda njia nyingine. Katika Free Fire, nguo nyingi za mchezaji hununuliwa kwa almasi za mchezoni, na almasi hizo hununuliwa kwa fedha halisi. Desemba 2022, Epic Games, kampuni yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya tume ya biashara ya Marekani kuishutumu kwa kupanga vitufe vyake hivi kwamba watu walinunua bila kukusudia, na watoto walinunua bila idhini ya wazazi. Mzazi asikemee vazi akasahau duka. Mtoto anayeanza kuamini kwamba atahesabiwa kuwa mtu kwa nguo aliyonunua anafundishwa imani, na si imani yetu.

Tarehe 30 Novemba 2012 City of Heroes ilifungwa. Mavazi yote yale yaliyoshonwa kwa jioni nzima-nzima yalizimika pamoja na mitambo. Lakini wachezaji hawakuusahau. Mwaka 2019 ulifunguliwa tena kwenye mitambo ya wapenzi wake, na Januari 2024 kundi mojawapo la watu hao wa kujitolea likapewa kibali rasmi cha kuuendesha. Sidhani kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakililia nguo. Nguo nzuri zipo katika michezo mingine. Naamini walilia mahali walipokuwa na jina, mahali ambapo mtu akiingia wenzake walisema, "Amefika, sasa twende."

Hilo ndilo linalopaswa kutusumbua sisi wa usharikani. Kijana wa Bukoba au Muleba anayejitengenezea shujaa hatamani kofia na glavu tu. Anatamani kuhitajiwa. Anataka pawe na hatari ambayo bila yeye haitashindwa, na watu watakaomngoja. Tukimnyang'anya simu bila kumpa hicho, tutakuwa tumemvua nguo moja na kumwacha uchi.

Basi tujiulize, kila usharika na kila nyumba. Kijana akimaliza kipaimara, tunampa kazi gani inayomhitaji kweli? Nani anamngoja? Kuna mama mzee anayemtegemea kumletea maji kutoka kisimani. Kuna watoto wa kusindikiza njiani ili wafike shule salama, na mtoto mwenye ualbino awe wa kwanza kati yao. Kuna jirani aliyefiwa ambaye migomba yake haijapaliwa. Kazi hizo hazina nembo ya kifuani, lakini ndizo vazi alilovikwa siku ya ubatizo, na hapo wasimamizi wake waliahidi mbele yetu kumsaidia kulivaa. Tulikuwa mashahidi. Akilivaa, anaweza kucheza shujaa jioni akacheka na rafiki zake, kisha akazima simu bila kujihisi mtupu, kwa kuwa ataamka asubuhi akiwa bado amevaa.