Chokaa ya Shemeji

Palikuwa na mkulima Burat, karibu na Mto Isiolo, aliyelima nyanya na sukuma wiki kwa maji ya mfereji. Mavuno yake yalikuwa haba. Siku moja alikwenda kumsalimu shemeji yake huko Imenti, kwenye miinuko ya Meru, akakuta mahindi yamestawi, mabua manene, kila moja na mahindi mawili.

"Shemeji, umefanyaje?"

"Shamba lilikuwa na asidi, shemeji. Mvua nyingi, na miaka ya kutia mbolea ya dukani ya DAP peke yake. Nilipima udongo, nikatia chokaa, na kila msimu naongeza mbolea ya boma iliyooza vizuri."

Katika maneno yote hayo, mgeni alishika moja tu: chokaa. Alirudi na mifuko, akaimwaga shambani. Mbolea ya boma hakuijali. Nyuma ya zizi lake palikuwa na lundo la samadi ya mbuzi. Aliliona taka, akalitia moto.

Msimu haukwisha kabla majani machanga hayajageuka manjano, mishipa ikibaki kijani. Alivuna kidogo kuliko mwaka uliotangulia.

Kosa lilikuwa wapi? Asidi ya udongo husomwa kwa pH, na 7 ndiyo katikati. Ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka na kuviza mizizi, na fosforasi hufungwa. Hapo chokaa ni tiba. Lakini Isiolo ni nchi kame. Mvua haitoshi kuosha chumvi na kalsiamu, hivyo udongo wa sehemu nyingi umepita 7 tayari. Kuutia chokaa ni kuzidi kuunyima mmea chuma, zinki na hiyo fosforasi.

Kilichomfaa ni kile alichokichoma. Kwenye udongo wenye asidi, samadi iliyooza huinasa aluminiamu isidhuru mizizi. Kwenye udongo mkavu hushika maji na kulisha mmea taratibu. Ila lazima iive: irundike, inyunyizie maji, ifunike, igeuze kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi mitatu hivi, mpaka ipoe na kuwa nyeusi. Ikiwa mbichi huunguza miche na kuleta mbegu za magugu.

Basi mkulima mwenzangu, pima kwanza. Chota udongo sehemu 10 hadi 20 za shamba, kina cha sentimita 20, ukiepuka mahali mifugo ilipolala. Changanya, toa nusu kilo, upeleke kwenye maabara ya udongo kama ile ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, huko Kabete. Afisa wa kilimo wa kaunti atakuelekeza.

Shemeji hakudanganya, alieleza shamba lake, naye alilipima kabla ya kulitibu. Mwige katika kupima. Chokaa ingoje majibu ya maabara, na samadi usiichome kamwe.