Kuna Mtu Alilalamika Kwanza

Daktari alinipa fomu mimi, sio Mama. Ati kwa sababu mimi ndiye nimesoma. Sikumwambia niliacha chuo mwaka wa pili.

Mama alikuwa anabadilishiwa goti. Baada ya operesheni angedungwa dawa ya ganzi, bupivakeini, ndani ya paja, panapopita neva inayobeba sehemu ya maumivu ya goti. Ikiwa kidogo, usiku unakuwa mrefu. Ikiwa nyingi, inaweza kusambaa, msuli wa paja ukalegea, na mgonjwa akiinuka kwenda choo anaanguka. Ikizidi kabisa mwilini, inaweza kusimamisha moyo. Dozi iko mahali katikati, na walikuwa wanaitafuta.

Wanaitafuta hivi: mgonjwa akitulia, anayefuata anapunguziwa. Akilalamika, anayefuata anaongezewa. Juu, chini, hadi wapate kiasi kinachotosha nusu ya watu, kisha kutoka hapo wakadirie cha kutosha karibu kila mtu. Nilisoma mara tatu. Nusu. Yaani hesabu haikamiliki bila watu wa kuumia. Anayeumia huongezwa dawa nyingine papo hapo, lakini lazima aumie kwanza.

Baadaye niligundua mbinu hii iliandikwa na Dixon na Mood mwaka 1948, na ilitokana na majaribio ya vilipuzi: unaangusha uzito, kikilipuka unashusha kimo, kisipolipuka unapandisha. Kilipuzi hakitii sahihi, lakini.

Nilitaka kukataa. Mtu si kipimo; hiyo ndiyo falsafa niliyookota kabla karo kuisha. Shida ni kwamba hata ile dozi ya kawaida, ambayo ningemwombea Mama, haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliumia ndio ijulikane. Nilikuwa tayari kula walichopanda, ila sio kupanda. Na bado, hilo likiwa deni, mbona alilipe yeye, na goti lake?

Nikamweleza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kuruka ile nusu.

"Aliyenitangulia aliumia?" akamwuliza daktari.

"Siruhusiwi kusema, mama."

Akafikiria. "Hata hili goti la chuma, si kuna mtu alivaa la kwanza?" Akaniomba kalamu.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, nilimkuta ameuma kona ya shuka. Nikakimbia kumwita nesi. Akaja na sindano, akamdunga, akageuka kuondoka.

"Sista," Mama akamwita. "Umeandika?"