Yaliyotumika na Yaliyoachwa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na mchezo aliopenda kutuchezesha siku ya Alhamisi, saa ya mwisho, wakati joto limekwisha kuzishinda akili zetu na hapana somo jipya liwezalo kuingia: huandika ubaoni herufi nne, kisha hututaka tulitoe kila neno la Kiingereza linalozikusanya zote, pasina kuzidisha wala kupunguza. Siku moja aliandika O, P, S na T. Nasi, kwa kushindana na kunyang'anyana, tukatoa post, stop, spot, pots, tops, na mwisho, kwa taabu, opts. Mimi nikaongeza la saba, tosp, kwa kuwa lilitamkika vyema na sikuona lina taksiri gani. Mwalimu akalipiga mstari kwa chaki, asiseme kitu.

Mstari ule umenishughulisha kuliko masomo yake mengine yote. Herufi nne zikipangwa kwa kila namna hutoa mipango 24. Sita kati yake ni maneno hai, na 18 ni kama mifupa isiyotiwa roho, ilhali herufi ni zile zile. Je, kuna nini ndani ya stop kisichokuwamo ndani ya tosp? Si sauti, kwani Mwingereza aliyezoea kumwita nyigu wasp hatashindwa na tosp. Na mtu asiyejua Kiingereza, ukimwekea mipango yote 24 mbele yake, hatakuonyesha hata mmoja ulio bora kuliko wenziwe. Basi yule tunayesema ameliona neno ndani ya herufi, yamkini alikuja nalo kifuani mwake.

Swali hili si geni kwa wanazuoni. Katika karne ya 8, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye asili yake ni Oman na maskani yake Basra, na ndiye aliyeasisi elimu ya arudhi, alipotaka kuiweka lugha ya Kiarabu yote ndani ya kamusi yake, Kitab al-Ayn, hakuyaokota maneno kwa kadiri yalivyomjia. Alizishika herufi za shina akazigeuza mpaka mipango ikakwisha, tatu zikatoa 6, nne 24, tano 120, kisha akaupima kila mpango kwa matumizi ya Waarabu wenyewe: uliotumika akauita mustaamali, na usiotumika muhmali, maana yake ulioachwa. Naye alitambua kuwa baadhi ya yaliyoachwa yameachwa kwa sababu ya ulimi, kama vile ain na ha zisivyokaa pamoja katika shina moja, kwa kuwa matokeo yake kooni yamekaribiana mno. Kwa mizani hiyo tpso lina udhuru wa kuachwa. Tosp halina udhuru wowote.

Wanateolojia wa Kiislamu waliligombania jambo hili kwa upande mwingine, wakiuliza iwapo kisichokuwapo lakini chaweza kuwapo ni kitu au si kitu. Wengi katika Muutazila walisema ni kitu, kimepungukiwa na wujudi tu; Maashaari wakakataa, wakasema kitu ni kile kilichopo. Nakiri kwamba udogoni, kwa ajili ya chaki ile, moyo wangu ulielekea kwa Muutazila, nikilihurumia tosp kama mtu aliyekawizwa mlangoni. Leo sina yakini hiyo. Lile opts tulilolitoa kwa taabu ni la kitenzi kilichoingia katika Kiingereza katika karne ya 19, kikitoka Kifaransa; mwalimu wa zama za Shakespeare angalilipiga mstari kama alivyolipiga langu, wala asingalikosea. Herufi hazikuongezeka hata nukta. Kilichoongezeka ni watu waliokubaliana.

Na watu hao hawana haja ya kuwa taifa zima. Watoto wa pwani wanaosema kinyume huichukua silabi ya mwisho wakaitanguliza, hata mgeni akawa nimge, na nimge, ambalo kamusi hailijui, likafanya kazi yake barabara mbele ya mgeni mwenyewe, naye ameketi hana habari. (Sisi hupindua silabi, Waingereza hupindua herufi, nadhani ni kwa sababu tahajia yao na lafudhi yao zilikwisha kutalikiana zamani.) Muhmali lile limepewa maana na wawili tu, na likafahamika.

Baada ya Alhamisi ile, mimi na mwenzangu wa dawati tulilitwaa tosp tukalipa maana yake: mwalimu yu mlangoni. Alilisikia mara nyingi mno, akidhani ni chafya, na sisi lilitufaa muhula mzima.