Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 9: "Tuko Salama"

Baba zetu, mama zetu, ndugu na vijana wa msikiti wetu.

Leo tuulizane swali moja. Mtu yuko ugenini, mambo yamemwelemea. Mama yake anapiga simu, naye anajibu, "Tuko salama, mama, hatujambo kabisa." Je, amesema uongo? Na akimjibu hivyohivyo mkewe, au mke akimjibu mumewe, hukumu ni ileile?

Swali hili nililetewa na kijana wetu aliyekuwa akiswali hapa Tanga pamoja nasi. Majina tuyaache; yeye na mkewe wameniruhusu nisimulie. Siku nne kabla ya mwezi kuandama walihamia Uingereza, mji wa pwani unaoitwa Weston-super-Mare. Mke amepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mume amemfuata, kazi bado anatafuta. Wakati wa kuaga kijana alikuwa na raha zake: "Sheikh, sisi bahari tumezaliwa nayo. Tunatoka pwani, tunakwenda pwani."

Siku ya pili tu alikwenda kuiangalia hiyo bahari. Hakuikuta. Maji yalikuwa yamekupwa. Ghuba ile ina kupwa na kujaa kukubwa sana, tofauti yake hupita mita 10, wakati kwetu hata bamvua ni kama mita 3 na kidogo. Maji yakitoka huko yanakwenda mbali, nyuma yanabaki matope matupu. Kwetu maji yakipwa ndiyo riziki inafunguka, kina mama wanashuka kutafuta chaza na pweza. Huko kuna vibao vinavyokataza watu wasitembee kwenye matope, maana yanadidimiza. Baridi, upepo, maduka mengi ya ufukweni yamefungwa mpaka msimu wa joto. Anasema alikaa kwenye ukuta wa ufukweni akalia kama mtoto. Kisha akafuta uso, akarudi nyumbani. Mkewe akamuuliza, "Vipi bahari?" Akasema, "Nzuri, mashallah."

Kumbe na mke ana yake. Kazini wazee wanamwambia hawamwelewi anavyosema. Anaingia chooni, analia, ananawa, anatoka. Akirudi jioni anaulizwa, "Vipi kazi?" Anasema, "Nzuri, alhamdulillah."

Jamani, chumba kimoja, kitanda kimoja, watu wawili wanalia kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja anadhani anamlinda mwenzake.

Ikaingia Ramadhani. Siku ya kwanza kijana akapika uji na kutoa tende walizotoka nazo nyumbani. Kwao magharibi iliingia wakati sisi huku tumeshamaliza isha na tuko kwenye tarawehe. Sasa, nao huko wana umeme wa kulipia kwanza, kama LUKU yetu. Ndiyo kwanza wanataka kufungua, umeme ukakatika. Giza, jiko limezimika, hita imezimika, na kadi hujazwa dukani. Wakafuturu kwa tende na maji gizani. Mke akaanza kucheka. Kucheka kukageuka kilio. Na kwa vile hakuna aliyemwona mwenzake usoni, wakaambiana yote: ya choo cha kazini, ya ukuta wa ufukweni, na jinsi mume anavyoona aibu kulishwa na mkewe.

Baada ya hapo ndipo aliponiuliza: "Sheikh, siku zile tulikuwa tunadanganyana, au tulikuwa tunasubiri?"

Ndugu zangu, hapa ndipo wengi tunapochanganya. Tunadhani subira ni kufunga mdomo. Nabii Yaqub (a.s.) ni mfano wa subira njema, na bado Qur'ani inatusimulia kwamba alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Hakujifanya hana huzuni. Malalamiko yake aliyapeleka kwa Mola wake. Basi machozi hayavunji subira.

Na mtazameni Asma bint Umays (r.a.). Yeye na mumewe Ja'far walihama Makka wakavuka bahari mpaka Habasha, wakakaa huko miaka mingi. Waliporudi, Sayyidna Umar (r.a.) akamwambia kwamba wao wa Madina wamewatangulia kwa hijra. Bibi Asma hakusema "sawa, hatujambo." Alikasirika, akaeleza kwamba wao walikuwa katika nchi ya mbali, wageni, wakiudhiwa na wakiogopa, wakati wengine walikuwa karibu na Mtume (s.a.w.) akimlisha mwenye njaa wao. Akaenda kumweleza Mtume mwenyewe. Mtume hakumkemea. Alimpa habari njema kwamba wao, watu wa jahazi, wana hijra mbili. Taabu ya ugenini ilisemwa wazi, ikasikilizwa, ikapewa thamani yake.

Sasa turudi kwenye swali. Aya ya 187 ya Suratul Baqara ndiyo inayotufundisha mpaka wa kula daku, pale alfajiri inapopambanuka. Ndani ya aya hiyohiyo ya swaumu, mke na mume wametajwa kuwa ni vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Hebu lifikirieni vazi. Kwa nje linasitiri, wapita njia hawaoni kovu wala kidonda. Lakini kwa ndani limegusa ngozi. Kanzu yako inajua jasho lako. Nguo isiyogusa mwili haijavaliwa, imetundikwa tu.

Kwa hiyo, mimi naona hivi. Kumwambia mama mwenye presha "hatujambo, tuombee dua," na kweli mko hai na mna swala yenu, hiyo ni sitara. Si kila jambo lazima lisemwe kwa kila mtu. Ukizidisha ukasema una gari na nyumba wakati huna, hapo umetoka kwenye sitara umeingia kwenye uongo, na huo uongo utakudai. Lakini mke wako au mume wako si mpita njia. Ukimficha maumivu yako kila siku, hata kwa nia njema, unamnyima kazi aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Umemtundika ukutani.

Najua wapo watakaosema, "Sheikh, mwanamume akilia mbele ya mkewe heshima imekwisha." Wallahi, huyu kijana heshima yake haikuisha gizani pale. Ilianza.

Na sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Kwa nini mtu wa ugenini anasema "tuko salama" haraka haraka? Mara nyingi ni kwa sababu ya sauti yetu. Simu ya kwanza tu tumeshauliza, "Mmeanza kupata?" Kijana wetu ameniambia katika wiki ile ya mwanzo alipokea maombi matano ya pesa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza amefuturu nini. Hilo lilinichoma, kwa sababu na mimi nilimpigia, na niliulizia mchango wa zulia la msikiti.

Basi leo nawapa kazi mbili, nami nimo. Usiku huu, kabla ya daku, muulize mwenzako "vipi?" na usiondoke kwenye jibu la kwanza. Na kesho mpigie jamaa yako mmoja aliye mbali. Muulize amefuturu nini. Ya pesa yaache mpaka baada ya Idi.

Ewe Mola, wape utulivu wote walio ugenini, wafanye waume na wake zetu kuwa vazi la kweli, na utukubalie swaumu zetu. Amin.

Tukutane tarawehe, inshallah. Wabillahi tawfiq.