Mvua Haiulizi Shamba ni la Nani
Somo: Mathayo 5:43–48



Masika yakiingia hapa Muheza, tangu Machi hadi Mei, wengi wetu hunung'unika. Njia ni tope, nguo hazikauki, na kanisani viti vingi hubaki vitupu. Lakini anayeketi barazani siku ya mvua na kuitazama bustani yake aweza kupata mahubiri asiyoyatazamia.

Mtazameni kwanza nyungunyungu. Huyu ni mkulima asiye na jembe. Hutoboa udongo ili maji na hewa vipenye, na huvuta majani makavu chini yakawa mbolea. Kasisi mmoja wa Kianglikana, Gilbert White wa Selborne, Uingereza, alimsifu katika kitabu chake cha mwaka 1789, wakati watu wengi walipomdharau.

Mtazameni na kinyonga juu ya mpera. Watoto humpiga mawe kwa kuwa wameambiwa ana sumu na mkosi. Hana sumu. Ulimi wake hunasa nzi na panzi, naye hamdhuru mtu. Mvua ikikatika, kumbikumbi huruka, na kuku, chura na ndege wote hula karamu moja. Shorewanda yumo mpapaini, chozi yuko kwenye ua la mgomba. Nani kati yao aliyetoa ada?

Hapo ndipo lilipo fundisho la Bwana wetu. Baba wa mbinguni huwapa mvua wema na waovu pia. Mvua iliyonywesha mchicha wako asubuhi imenywesha na kunde za yule usiyesalimiana naye tangu ule ugomvi wa mpaka. Mungu hakuliruka shamba lake. Wewe je, wampita njiani kimya kwa amri ya nani?

Tena, ndugu zangu, raha ya baraza ni ya mwenye bati zima. Mvua hiyo hiyo inayotufurahisha humkesha bibi mjane akihamisha kitanda chake kutoka pembe hii hadi ile, na sufuria zimejaa maji ya paa. Je, Mungu amemsahau? La. Mungu ameleta mvua kwa wote; kazi ya makuti ametuachia sisi. Bwana hakutuambia tumtazame Baba tu, bali tufanane naye.

Basi tufanye mambo matatu. Tuwafundishe watoto kumwacha kinyonga aende zake. Tumsalimu jirani wa mpakani, hata asipoitika. Na kabla vuli haijafika mwezi wa Oktoba, kila nyumba itoe makuti machache, na vijana wenye nguvu wapande juu ya paa la yule asiye na mtu wa kumpandia.

Bwana atupe macho ya kuona na mikono ya kutenda. Amina.

Mwalimu mstaafu