Kabla ya Kuupa Uvimbe Jina

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mwaka uliofuata aliuandika uvimbe huo kuwa ni sarkoma, saratani ya tishu kama misuli na mifupa. Jina halikudumu. Wataalamu wa patholojia walipotazama vipande vya nyama kwa hadubini waliona seli za limfu zimesongamana, na kati yake seli kubwa nyeupe zenye kumeza zilizokufa, zimetawanyika kama nyota usiku. Ilikuwa limfoma, saratani ya seli hizo za limfu. Swali hapa ni la maadili kabla ya kuwa la tiba: je, kufanana na ugonjwa tunaoujua kunatosha kutupa haki ya kuutaja ugonjwa wa mwenzetu? Nasema hakutoshi, hata tukisukumwa na huruma.

Ichukuliwe Shume, kule juu ya Lushoto, kwenye ukungu na mashamba ya viazi. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walizunguka kwa gari hospitali nyingi za Afrika Mashariki na Kusini, wakabaini kwamba uvimbe huu hufuata joto na mvua, sawa na malaria, na huadimika nyanda za juu. Basi mtoto wa Shume akivimba shavu na meno yakalegea, ni rahisi kusema hilo ni jipu la jino, maana ule ugonjwa ni wa bondeni. Ramani hiyo ya joto na mvua ni ya kweli, lakini ilichorwa kwa hesabu ya watoto wengi. Huyu mmoja huenda amelelewa na bibi yake Mombo, bondeni kwenye mbu.

Wapo watakaosema uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na maabara iko mbali, hivyo shaka ni anasa. Mimi naona kinyume. Anayekiri shaka hukata kipande siku ileile na kukituma. Mwenye uhakika wa bure hutoa dawa za jipu, wiki zinapita. Na jina ndilo linaloamua tiba: kisu hakiuponyi uvimbe huu, ilhali dawa kama siklofosfamaidi zimeuyeyusha tangu miaka ya 1960. Wengine watasema Mungu ndiye ajuaye. Naam, na anayelisema hilo kwa dhati amekwisha kukiri kwamba yeye hajui. Burkitt alikuwa Mkristo mcha Mungu, na imani haikumzuia kuliacha jina la kwanza aliloupa uvimbe. Misikitini nako hufundishwa kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na kuitafuta dawa huanza kwa mganga kumwambia mzazi, “Mama, sijajua bado, tukate kipande tukapime.”