Tulipokingoja Kimbunga

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinakaribia pwani, sisi tulikuwa mezani, hapa Dar es Salaam, tukiandaa mahubiri. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Tulijaza ndoo maji, tukachaji simu, tukaingiza ndani vyungu vya maua, kisha tukarudi kwenye karatasi. Jumapili iliyokuja ilikuwa Rogate, yaani Ombeni. Nasi tulikwisha kuomba: Bwana, kipitishe mbali.

Mbali wapi? Hapo kalamu ilisita. Kusini mwetu kuna Mafia na Kilwa, nako wako watu wenye ndoo na watoto kama sisi.

Jumamosi kilitua upande huo, kikapungua nguvu. Baadaye tulisikia mafuriko yameikata barabara ya Lindi kule Somanga. Washarika walitaka tushukuru, nasi tulishukuru, ila neno “ametuepusha” lilitukwama kooni. Kumwomba Baba mmoja amsukumie ndugu yako maji, hiyo ni sala gani? Tuliwaombea wa Kilwa kwanza, tukatoa sadaka ya pili kwa ajili yao. Ilikuwa ndogo.